Mbulu Ilipokataa Kuletewa Mtu

Mwezi Agosti 1960, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Tanganyika ilifanya uchaguzi uliomkabidhi Julius Nyerere serikali. Viti vilikuwa 71. Katika viti 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa, na katika 13 vilivyobaki TANU ilichukua 12. Kiti kimoja tu nchi nzima kilikwenda kwa mtu ambaye chama hakikumsimamisha, nacho kilikuwa cha Mbulu, wilaya iliyokuwa pana sana wakati ule: nyanda za juu za Wairaqw, malisho ya Wadatoga chini ya mlima Hanang, Babati ya Wagorowa, hadi Karatu inayopakana na kreta ya Ngorongoro. Aliyeshinda aliitwa Herman Elias Sarwatt, na aliyeshindwa alikuwa Chifu Amri Dodo, mgombea rasmi wa TANU. Vitabu vingi hulipita tukio hili kwa nusu sentensi. Husema TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, kisha hukimbilia Desemba 1961. Msomaji hudhani kwamba kile kimoja kilinyakuliwa na wapinzani wa Uhuru, kumbe Sarwatt alikuwa mwanachama wa TANU, na baada ya kushinda alikwenda kukaa na wana-TANU wenzake.

Ninashikilia kwamba kura ile ilikuwa na uzito mkubwa kuliko wa kiti kimoja. Ilionyesha mapema kabisa kwamba mwananchi anaweza kukipenda chama, kudai Uhuru kwa moyo wote, kumheshimu kiongozi wa taifa, na bado akakataa kuletewa mtu. Ninashikilia pia kwamba tabia hiyo ya kutaka kuulizwa haikuzuka ghafla katika mwaka ule wa uchaguzi, na kwamba taifa letu limeshindwa kuiona kwa sababu limezoea kuwatazama watu wa Mbulu na Hanang badala ya kuwasikiliza. Tunawajua kwa mbio zao, kwa sura zao, kwa kichekesho cha wiki kilichosambaa katika simu. Tulichojifunza kutokana na maamuzi yao ni kidogo mno, na gharama ya uzembe huo imelipwa kwa ardhi, kwa haki za wanawake na kwa afya ya siasa zetu.

Nianze na historia ya kabla ya chifu yeyote. Wairaqw wanaitaja Irqwa Da'aw, ambayo wengine huiita Mama Isara, kuwa kitovu chao. Kutoka kwenye milima hiyo familia zilisambaa kutafuta mashamba na malisho, kuelekea Tlawi penye ziwa dogo la jina hilohilo, kuelekea Dongobesh, na baadaye Karatu. Robert Thornton, mwanaanthropolojia aliyechapisha utafiti wake juu ya Wairaqw mwaka 1980, alieleza jamii iliyojipanga kwa eneo na ujirani kuliko kwa ukoo wa watawala. Wataalamu wa mvua na tambiko waliheshimiwa na kuogopwa, lakini mambo ya mahali yaliamuliwa na mkutano wa wazee. Mkutano huo ulimalizika kwa slufay, maneno ya baraka yenye ufundi mkubwa ambayo mzee mwenye ulimi huyatoa huku waliohudhuria wakimwitikia pamoja. Maarten Mous na Rose-Marie Beck wameandika juu ya maneno hayo katika makala ya mwaka 2014, na anayeyasoma anaona jambo moja waziwazi: baraka huja baada ya mabishano. Kwanza watu huzungumza hadi ugomvi uishe, kisha ndipo huombewa mvua, uzazi na amani. Kuitikia kwa pamoja ni muhuri wa mazungumzo yaliyokwisha kufanyika.

Uchifu uliletwa na Wajerumani, ukakomazwa na Waingereza waliotaka mtu mmoja wa kumwagiza kodi na kumlaumu ikipungua. Ndani ya vizazi viwili machifu walikuwa wamezoeleka, na baadhi yao walifanya kazi kubwa na ya heshima. Lakini chanzo cha mamlaka yao kilikuwa bomani. Kwa hiyo TANU ilipomsimamisha chifu katika wilaya hii ilikuwa inawaomba watu waamini kwamba kilichopangwa juu kinatosha, na wengi wa waliopiga kura hawakuamini.

Hapa kuna pingamizi zito ambalo halifai kupuuzwa. Amri Dodo alitoka Gorowa, upande wa Babati, na Sarwatt alikuwa Mwiraqw katika wilaya ambayo Wairaqw ni wengi. Tena jina la Sarwatt lilikuwa tayari jina la uchifu, kwani Elias Sarwatt alikuwa ametawala Wairaqw kabla ya hapo. Mtu anaweza kusema kwamba yaliyotokea ni ukabila uliovaa joho la demokrasia, na kwamba TANU ilikuwa na haki ya kuhofia mambo ya namna hiyo. Nakubali kwamba ujirani na lugha vilichangia. Sijui uchaguzi wowote duniani ambao watu walisahau kabisa walikotoka walipoingia kupiga kura. Lakini ukabila peke yake hautoshi kueleza kilichofuata. Ukabila wa kisiasa hudai chama chake, bendera yake, mara nyingine mpaka wake, na katika nchi jirani tumeuona ukifanya hivyo. Mbulu haikudai hata kimoja. Mtu wao alishinda, akarudi TANU, na wilaya ikaendelea kuwa ngome ya chama kilekile kilichokuwa kimeshindwa kwenye sanduku lake. Mgogoro ulihusu nani anateua, na ulikwisha mara tu waliohusika walipoteua wenyewe.

Kuna pingamizi la pili, la kihesabu. Haki ya kupiga kura mwaka 1960 ilikuwa na masharti: mpiga kura alitakiwa ajue kusoma na kuandika Kiingereza au Kiswahili, au awe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au awe na wadhifa uliotambuliwa. Waliojiandikisha nchi nzima walikuwa takriban 885,000, na kwa kuwa majimbo mengi hayakuwa na mashindano, waliopiga kura hasa walikuwa sehemu ndogo ya hao. Basi mtu aulize: sauti ya walimu, makarani, makatekista na wenye ng'ombe wengi inawezaje kuitwa sauti ya Mbulu? Swali ni la haki, nami sisemi kwamba kila mchungaji wa Hanang alishauriwa. Lakini tuangalie uzito wake unaegemea wapi. Waliokuwa na kura ndio waliokuwa karibu zaidi na chama, waliosoma magazeti yake na kuhudhuria mikutano yake. Kama kuna kundi lililotarajiwa kuitikia kila lililotoka makao makuu, ni hilo. Nao ndio waliokataa.

TANU yenyewe ilikuwa imelelewa na ubishi. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ulioamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ulikuwa wa mvutano mkali, na Nyerere alilazimika kushawishi watu waliokuwa wameazimia kususia. Hakuna aliyeamrishwa, watu walishindwa kwa hoja, wakakubali, ila wachache waliojitoa. Katika maandishi yake juu ya demokrasia, Nyerere aliwasifu wazee wa Afrika wanaokaa chini ya mti na kuzungumza hadi waelewane, na mwaka 1963 alitetea chama kimoja kwa hoja kwamba palipo na chama cha taifa zima, wananchi wanaweza kuchaguana kwa uhuru zaidi kuliko palipo na vyama vinavyowabana wanachama wao. Ukiisoma hoja hiyo huku ukikumbuka Mbulu, unaona kwamba mfano wake hai ulikuwa umekwisha kutokea. Wana-TANU wawili walishindana, watu wakamchagua mmoja, na nchi haikutikisika.

Mfumo wa mwaka 1965 ulichukua somo hilo nusu. Karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wapiga kura wakapewa nafasi ya kweli ya kumwondoa mkubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka katika uchaguzi wa kwanza tu wa namna hiyo. Hilo lilikuwa jambo jema, na wanaouelezea wakati wa chama kimoja kana kwamba ulikuwa giza tupu hawautendei haki. Lakini nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa moyo wa jambo. Wale wawili walichujwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, na mgombea binafsi, mtu wa aina ya Sarwatt mwaka 1960, alifungiwa mlango. Mwaka 1968 TANU ikawafukuza wabunge kadhaa waliokuwa wasemaji wakali, akiwemo Joseph Kasella-Bantu, na ubunge wao ukaishia hapo. Ulinzi wa umoja ukawa sababu ya kutouliza. Hadi leo sheria yetu haimruhusu mtu kugombea ubunge bila chama, ingawa Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo mahakamani kwa miaka mingi na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa ushindi mwaka 2013.

Athari za kutouliza zinaonekana vizuri zaidi ukitoka kwenye siasa za viti na kwenda kwenye ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, iliamua kwamba tambarare za Basotu katika Hanang zitalisha miji ngano. Shirika la NAFCO likafungua shamba moja baada ya jingine, hadi yakafika saba, na eneo lililochukuliwa likakaribia ekari 100,000. Kwa macho ya mpangaji ardhi ile ilikuwa tupu. Kwa Wabarabaig, Wadatoga wa Hanang, ilikuwa malisho yanayozungukwa kwa majira, yenye visima, njia za mifugo na makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima kubwa, ambayo hurudiwa na vizazi. Hawakuulizwa. Walipokwenda mahakamani, kijiji cha Mulbadaw na wenzake walishinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Miongoni mwa sababu za kushindwa ni kwamba hawakuwa wamethibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyotumika katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Ninaiona hukumu hiyo kuwa moja ya kurasa chungu kuliko zote katika historia ya sheria za nchi huru. Wafugaji waliozika babu zao Hanang waliambiwa walete ushahidi wa uenyeji wao, kwa kipimo kilichoandikwa na gavana wa Kiingereza.

Najua jibu la wapangaji, nalo si la kipuuzi. Nchi ilihitaji chakula, fedha za kigeni zilikuwa zinakwisha kwa kuagiza ngano, na viongozi wa wakati ule waliamini kwamba faida ya wengi ilistahili sadaka ya wachache. Lakini aliyeombwa sadaka sharti kwanza aombwe. Tena upande wa faida haukuwa imara kama ulivyohesabiwa: kilimo kile kilitegemea matrekta, vipuri na wataalamu wa kutoka ng'ambo, na Kanada ilipoondoka katika miaka ya 1990 shirika halikuweza kuendelea kama zamani. Mfugaji wa Basotu angeulizwa, angewaeleza mapema kwamba malisho yale ya tambarare ndiyo yaliyokuwa yanafanya maeneo mengine yapumzike, na kwamba kuyaondoa ni kuibana mifugo yote iliyobaki katika ardhi iliyo dhaifu. Kuuliza kungewapa wapangaji elimu ambayo hawakuwa nayo.

Haki inanitaka niseme na upande mwingine wa historia hii. Wairaqw walipopanuka, hasa baada ya mpango wa maendeleo wa Mbulu ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, ambao ulipunguza mifugo, ukafyeka vichaka vya mbung'o na kuwahamishia watu maeneo mapya, sehemu ya ardhi waliyoipata ilikuwa malisho ya Wadatoga. Waingereza waliuhesabu mpango huo kuwa mafanikio, na ukiulinganisha na Uluguru, ambako matuta ya lazima yalizaa ghasia mwaka 1955, unaelewa kwa nini: Mwiraqw aliyeombwa auze ng'ombe alionyeshwa shamba jipya. Hakuna aliyemuuliza Mdatoga. Mkutano wa wazee ulikuwa na mipaka yake, na jirani wa kabila jingine mara nyingi alibaki nje ya mipaka hiyo. Anayeisifu desturi ya kuulizana bila kulitaja hili anapamba tu.

Nje ya mipaka hiyo walibaki pia vijana na wanawake. Binti wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitengwa, akafukuzwa nyumbani kwao kwa hofu ya unajisi, na hakuna mkutano wowote uliomuuliza nani aliyempa mimba hiyo. Ukeketaji nao ulidumu: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 58 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wa Manyara, mkoa ambamo leo zimo Mbulu na Hanang, walikuwa wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, miaka mingi baada ya sheria ya mwaka 1998 kuufanya ukeketaji wa wasichana kuwa kosa la jinai. Mtu mwenye nia njema anaweza kuniambia kwamba takwimu hizo zinaizika hoja yangu, kwani jamii inayowatendea mabinti hivyo haina la kutufundisha kuhusu ridhaa. Namjibu hivi: kosa la jamii hiyo ni kwamba ilikifunga kipimo chake cha ridhaa ndani ya kundi la wanaume wazima. Dawa yake ni kukipanua. Mbegu za upanuzi huo zilikuwapo palepale. George Klima, aliyeishi na Wabarabaig na kuandika habari zao mwaka 1970, alieleza baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademg, ambalo liliweza kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake, kumtoza ng'ombe, na kumlaani akikaidi. Wanaume walilitii. Katika nchi ambayo polisi wa kata bado humrudisha mke aliyepigwa ili akayamalize na mumewe, baraza lile lilikuwa mbele yetu.

Suala la ndoa ni mahali ambapo dola ilijaribu kuuliza, na matokeo yake yanafaa kuwekwa kando ya Basotu. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa, ukajadiliwa hadharani, Waislamu, Wakristo, wazee wa mila na akina mama wakasema yao kwa sauti kubwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyotokana na hayo ilisema waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na ilimtaka mume wa ndoa inayoruhusu wake wengi asioe tena kabla mke aliyepo hajapata nafasi ya kupinga. Haikuwa kamilifu. Iliacha msichana aolewe akiwa na miaka 15, na ilibidi Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019, kwamba kipengele hicho kinavunja Katiba. Hata hivyo ni sheria iliyodumu zaidi ya nusu karne na ambayo watu wa dini zote wanaishi chini yake bila vita. Linganisha na ngano.

Ninaposema tunawatazama badala ya kuwasikiliza, nina maana halisi kabisa. Katika mazungumzo ya mijini, binti wa Kimbulu ni sura: rangi yake, urefu wake, nywele zake. Vijana hulitaja kabila hilo kana kwamba ni aina ya urembo, na mama wa nyumba hulitaja kana kwamba ni aina ya mtumishi, kwa kuwa wasichana wengi wa kazi huko Arusha na Dar es Salaam hutoka Manyara na Singida. Sifa hiyo haina ubaya wa matusi, ndiyo maana imedumu. Lakini msichana anayesifiwa uso huku mshahara wake ukipelekwa kwa mtu aliyemleta mjini, naye hajui kwamba amri ya kima cha chini cha mshahara inamtaja mfanyakazi wa nyumbani, amefanyiwa jambo lilelile lililofanyiwa malisho ya Basotu. Ameonekana, akapangiwa matumizi. Kumpenda mtu kunaanza pale unapotaka kujua anaamua nini, na mwanamume anayejisifu kuoa Mbulu kwa sababu ya sura hajamuoa mtu bado.

Hata mashujaa wetu tumewapunguza. John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana duniani kwa usiku mmoja wa Oktoba 1968 huko Mexico City, alipoingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni ambayo wakimbiaji 75 waliianza. Jibu alilowapa waandishi wa habari kuhusu wajibu wake kwa nchi yake linarudiwa katika semina za biashara kila bara. Lakini mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, muda uliomweka miongoni mwa wakimbiaji bora wa zama zake. Nani anaukumbuka? Tumependa picha ya aliyeumia kuliko ustadi wa aliyejua kukimbia. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo, akivunja desturi ya wenzake waliokuwa wakingoja mzunguko wa mwisho. Ulikuwa uamuzi wa akili, uliohitaji hesabu na ujasiri, na bado tunausimulia kama zawadi ya hewa ya milimani. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni Edmonton mwaka 1978 na ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Vijana wengi wa leo hawajawahi kulisikia jina lake.

Siasa nazo zimeingia katika mtego huohuo. Mei 2022, Flatei Massay, mbunge wa Mbulu Vijijini, alipiga sarakasi ndani ya Bunge akidai barabara ya lami ya kuunganisha Karatu, Mbulu, Haydom na kwingineko. Nchi nzima ilicheka, video ikasambaa, na kwa siku kadhaa jina la Mbulu lilikuwa midomoni. Wapo waliomlaumu kwa kushusha hadhi ya Bunge. Lawama hiyo naielekeza kwingine. Hospitali ya Haydom imehudumia wagonjwa wa mikoa kadhaa tangu 1955, na mama mwenye uchungu anayetoka vijiji vya huko wakati wa masika anajua barabara ya udongo ni nini. Mbunge aliyekwisha kuliomba jambo hilo kwa maneno akalazimika kuliomba kwa mwili. Tatizo liko kwa waliosikia mara zote za maneno na kukumbuka ile moja ya sarakasi.

Yaliyotokea Karatu mwaka 1995 yangetarajiwa na yeyote aliyeijua kura ya 1960. Wilbroad Slaa, aliyekuwa padri na mtaalamu wa sheria za Kanisa, aliingia katika kura za maoni za CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU, jina lake likaachwa, akahamia chama cha upinzani cha CHADEMA na kushinda. Jimbo lilimrudisha mwaka 2000 na 2005, na mwaka 2010 aligombea urais na kupata zaidi ya robo ya kura zote nchini. Mwaka huohuo Mbulu nayo ilimpeleka bungeni mgombea wa CHADEMA. Wachambuzi wa Dar es Salaam walitafuta sababu katika Kanisa, katika utalii, katika hasira za vijana. Zote zina ukweli wake. Lakini watu ambao baba zao walikuwa wamekataa kuletewa mtu hawakuhitaji sababu mpya. Na kwa wanaosema kwamba CCM imeshinda mara nyingi zaidi katika wilaya hizi, na kwamba Hanang ilimtoa Frederick Sumaye aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi, nasema hilo linaunga mkono hoja yangu. Hawakukichukia chama mwaka 1960 wala 1995. Kinaposimamisha mtu wao, wanakipa kura.

Hatari ya leo ni kwamba tunarudi kwenye viti 58 vya wasiopingwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wapinzani waliona majina ya wagombea wao yameenguliwa kwa wingi, wakajitoa, na sehemu kubwa mno ya vijiji na mitaa ikapata viongozi waliopita bila kupingwa. Mwaka uliofuata, ndani ya CCM yenyewe, walioongoza kura za maoni katika majimbo kadhaa waliachwa na majina mengine yakarudishwa. Viongozi husema mgombea aliyepita bila kupingwa ni ishara ya imani ya wananchi. Mwaka 1960 kauli hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli kwa sababu nchi nzima ilikuwa inadai Uhuru. Leo haina hata chembe hiyo, na kimya cha mtu asiyeulizwa hakiwezi kuhesabiwa kuwa kura.

Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili limekwisha kuingia katika shule zetu za sekondari. Nawaomba wanaoandika vitabu vyake waipe Mbulu ya Agosti 1960 ukurasa wake kamili, pamoja na jina la aliyeshinda, jina la aliyeshindwa, na maelezo kwamba wote wawili walikuwa watu wa TANU. Mwanafunzi wa Tlawi anastahili kujua kwamba wilaya yake ilifanya jambo hilo, na mwanafunzi wa Masasi, Bukoba na Pemba anastahili kulijua pia.